Nameza dawa ya sukari bila kula, na usiku silali

Mama Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Goma, mtaa wa Ndosho. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 58, nina mke na watoto watano, na wajukuu wawili waliotufikia kutoka Masisi wakati wa vita wanaishi nasi. Mwaka 2019 niliambiwa kwamba nina ugonjwa wa sukari. Miaka ya kwanza haikunisumbua sana. Nilikuwa nikimeza metformini asubuhi na jioni, nikila mara tatu kwa siku, nikienda kazini kwa miguu, na vipimo vilikuwa vizuri.

Mambo yalibadilika fedha ilipopotea. Mshahara wangu nilikuwa nikiupokea benki, na tangu benki za mji wetu zilipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, unanifikia kwa vipande na kwa kuchelewa, na kila kipande kinakuta deni linakingoja. Mke wangu huuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kituku. Siku wavuvi wakipata, tunakula bugali na mboga. Siku wakirudi mikono mitupu, pengine hatuwashi moto. Kwa kawaida sasa tunakula mara moja, saa moja ya usiku. Mimi hula pamoja na watoto, na wale wadogo wanapomaliza sahani zao na kuitazama yangu, siwezi kuendelea kutafuna, kwa hiyo nawasogezea. Mke wangu hajui, kwa sababu yeye hula jikoni na binti zetu, na akiniuliza humwambia kwamba nimeshiba.

Lililonifanya nikuandikie ni usiku. Karibu saa nane au saa tisa naamka ghafla, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka na moyo unapiga mbio kama mtu aliyepanda mlima. Mara nyingi huwa nimetoka katika ndoto ya kutisha, nakimbizwa juu ya mawe ya volkano na miguu haisogei, na mke wangu anasema kwamba napiga kelele. Baada ya hapo usingizi haurudi tena. Nalala macho nikihesabu unga uliobaki, kodi ya nyumba, na mtu gani ambaye bado sijamkopa. Zipo pia siku ambazo naamka kwenda kukojoa mara tatu au nne. Asubuhi naingia darasani kichwa kinaniuma, na nawakaripia watoto wasio na kosa lolote.

Kila mwezi naenda kwenye kituo cha afya. Muuguzi hunipima asubuhi, na mara za mwisho nilikuta 210 na kisha 240. Aliniambia kwamba nakula vibaya na kwamba sina nidhamu, akaniongezea kidonge cha glibenklamidi asubuhi, na mwezi uliofuata akaongeza kingine jioni. Nilinyamaza. Mimi ni mtu mzima, nimewafundisha watoto wa mtaa mzima kusoma. Ningesemaje mbele ya foleni ya wagonjwa kwamba nyumbani kwangu hakuna chakula?

Wazee wa kanisa wamesikia habari za ndoto zangu na wanasema kwamba ni vita vya kiroho. Wamenipangia maombi ya kufunga siku tatu, bila kula wala kunywa, na mikesha ya usiku. Jirani naye ananishauri niache vidonge na ninywe maji ya majani machungu ya mubirizi, kwa sababu uchungu wake unamaliza sukari.

Naomba uniambie: siku nisipokula, nimeze dawa au nisimeze? Nifanye nini ili nilale? Je, nimwambie mke wangu ukweli kuhusu sahani? Na kuhusu kufunga, niwajibu nini wazee wangu?

Mwalimu, Ndosho

*

Baba Mwalimu,

Nitaanza na usiku wa leo, kwa sababu mengine yanaweza kungoja hadi uonane na daktari, lakini hilo haliwezi kungoja. Jasho linalolowesha shati, mikono inayotetemeka, moyo unaokwenda mbio, ndoto za kutisha na kichwa kinachouma asubuhi, kwa mtu anayemeza glibenklamidi jioni na kula vijiko vichache tu, ni dalili ambazo mhudumu yeyote wa afya angezitilia shaka kwanza kuwa sukari inashuka usiku. Kipimo kikiwa chini ya 70 mg/dL tunasema sukari imeshuka. Kikipita chini ya 54, ubongo unaanza kukosa chakula chake, na mtu anaweza kuchanganyikiwa, kudegedeka au kuzimia akiwa kitandani bila aliye karibu kujua kwamba huo si usingizi.

Kwa hiyo, kabla ya kulala leo, weka karibu na kitanda sukari ya kawaida iliyofungwa vizuri, maji safi na kikombe. Ukiamka katika hali uliyoieleza, na kama kuna jirani mwenye kipima sukari anayeweza kukusaidia mara moja, jipime. Kama hakuna, usingoje kipimo. Koroga vijiko vidogo vinne vya sukari katika nusu kikombe cha maji, unywe, na ukae dakika 15. Dalili zisipoondoka, rudia. Zikiondoka, kula kitu kidogo, kwa mfano maharage yaliyobaki, kipande cha kiazi au ndizi, kwa sababu ile sukari ya maji inakwisha upesi na dawa bado iko mwilini. Glibenklamidi inaweza kuendelea kufanya kazi karibu siku nzima, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kupata nafuu saa tisa na kushuka tena saa kumi na moja. Ukishuka tena baada ya kunywa sukari, nenda hospitali mara kunapokucha, na kama fahamu zinayumba, msisubiri kukuche.

Hapo tayari nimejibu swali lako kuhusu mke wako, maana katika hali hiyo huenda wewe mwenyewe usiweze kushika kikombe. Mama wa watoto anapaswa kujua leo, kabla ya giza, kwamba kelele zako za usiku zinaweza kuwa sukari inayoshuka, na kwamba kazi yake ya kwanza ni kukuamsha na kukunywesha maji ya sukari ukiwa unaweza kumeza. Akikukuta huamki, asikumiminie kitu chochote mdomoni, kwa sababu kinaweza kuingia mapafuni. Akulaze ubavu na aite watu wakupeleke hospitali. Huwezi kumfundisha haya yote bila kumwambia kwamba unalala na njaa. Mwambie. Naelewa kwamba ulinyamaza kwa upendo, lakini anayekuamsha usiku bila kujua anachopambana nacho ndiye atakayebaki na lawama isiyo yake siku ukishindwa kuamka.

Sasa dawa. Vidonge vyako viwili havifanani, na ni muhimu ujue tofauti yake. Metformini huzuia ini lisitoe sukari nyingi na huusaidia mwili kuitumia vizuri iliyopo. Ikiwa peke yake, si kawaida ishushe sukari hadi kiwango cha hatari, ingawa humezwa pamoja na chakula ili isichafue tumbo. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, ambayo hushusha sukari katika damu, na hulisukuma vilevile chakula kikiwepo au kisipokuwepo. Ndiyo maana wagonjwa hufundishwa kwamba kidonge cha glibenklamidi huandamana na mlo: mlo usipokuwepo, kidonge chake hakimezwi. Mpaka utakapoonana na daktari, ambaye nakuomba umwone ndani ya siku chache na si mwisho wa mwezi, usimeze glibenklamidi jioni ambayo hukula mlo halisi. Na vijiko vitatu vya bugali ulivyobakiza baada ya kuwasogezea wajukuu si mlo. Asubuhi unapokwenda kazini bila kula ni vivyo hivyo. Metformini usiiache, ila ukiwa unatapika, unaharisha au umeishiwa maji mwilini, muulize daktari kwanza.

Ukifika kwa daktari, mwombe akutazamie kama glibenklamidi inakufaa hata kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linapendekeza gliklazidi kwa kundi hilo la dawa na linaeleza kwamba glibenklamidi haiwafai watu waliopita miaka 60, kwa sababu ya hatari hiyohiyo ya kushusha sukari. Wewe umebakiza miaka miwili tu, na njaa imekwisha kukuongezea hatari ambayo umri ulikuwa haujaleta. Gliklazidi nayo inaweza kushusha, isipokuwa kwa kawaida si kwa ukali huo. Inawezekana pia daktari akakurudisha kwenye metformini peke yake kwa muda, na akakubali namba zilizo juu kidogo ya zile za vitabu. Kwa watu wengi wenye kisukari lengo la asubuhi kabla ya kula ni kati ya 80 na 130, lakini mtu anayeshuka mara kwa mara huwekewa lengo la juu zaidi, na hilo ni tiba halali. Usilione kama kushindwa.

Huenda unajiuliza: kama sukari inashuka usiku, mbona asubuhi inaonekana 240? Swali hilo ni zuri, na ndilo lililompoteza muuguzi wako. Ini ni ghala la sukari ya mwili. Mwili unapoona hatari, iwe ni njaa, hofu au kukosa usingizi, hutoa adrenalini na kotisoli, na homoni hizo huliamuru ini lifungue ghala na kumwaga sukari katika damu. Alfajiri, hata kwa mtu asiye na shida yoyote, homoni hizo hupanda ili kumwandaa kuamka. Kwa mwenye kisukari, kupanda huko huonekana kwenye kipimo. Ongeza juu yake mlo mmoja wa usiku ambao karibu wote ni bugali ya muhogo, unaoliwa na mwili uliokaa siku nzima bila kitu, na utaona jinsi mtu yuleyule anavyoweza kuwa na 240 siku moja na kushuka hadi kutetemeka usiku wa siku nyingine. Kipimo kimoja cha asubuhi hakionyeshi kilichotokea saa nane ya usiku. Muuguzi aliona namba ikipanda, akaongeza dawa. Sahani yako hakuonyeshwa.

Lakini nitasema pia upande wa pili, kwa kuwa wapo wauguzi wanaosoma ukurasa huu. Kumwambia mgonjwa wa Goma katika hali ya sasa kwamba hana nidhamu, kabla ya kumuuliza alikula nini jana na mara ngapi, ni kosa la kitabibu na ni kosa la heshima. Swali hilo halichukui hata dakika moja, na linapaswa kuulizwa kwa sauti ya chini, mbali na foleni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hutumia maswali manane kupima ukosefu wa uhakika wa chakula, na la kwanza halihusu tumbo tupu hata kidogo. Linauliza kama, katika miezi 12 iliyopita, kuna wakati ulikuwa na wasiwasi kwamba hutakuwa na chakula cha kutosha. La mwisho linauliza kama ulikaa siku nzima bila kula. Wewe, Mwalimu, ungejibu ndiyo kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na majibu hayo yangebadilisha dawa uliyoandikiwa.

Wala usidhani kwamba hali hii ni aibu ya nyumba yako peke yake. Mwaka 2014 watafiti wa California, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kuchunguza kumbukumbu za hospitali za jimbo hilo, wakaona kwamba miongoni mwa watu wa kipato cha chini, kulazwa kwa sababu ya sukari kushuka kuliongezeka kwa asilimia 27 katika juma la mwisho la mwezi likilinganishwa na la kwanza. Kwa watu wenye kipato cha juu ongezeko hilo halikuonekana. Fedha ya mwezi ilikuwa imekwisha, chakula kimepungua, na dawa zikaendelea kumezwa kama kawaida. Hiyo ni nchi tajiri, yenye maduka yaliyojaa. Kwa hiyo, unapokaa mbele ya muuguzi, mwambie kwa maneno machache: «Siku hizi nyumbani tunakula mara moja, usiku. Siku nyingine hatuli. Usiku naamka na jasho na kutetemeka.» Hayo tu. Ukishindwa kuyasema mbele ya watu, yaandike kwenye karatasi na umpe mkononi pamoja na kadi yako. Wewe ni mwalimu, na kalamu haikutishi.

Kuhusu mubirizi, jibu langu ni fupi. Kama majani hayo hayashushi sukari, utakuwa umeacha dawa kwa bure. Na kama yanaishusha, basi kuyanywa pamoja na glibenklamidi tumbo likiwa tupu ni kuongeza mzigo juu ya ule unaokuangusha tayari. Mshukuru jirani yako na usiyanywe.

Turudi kwenye chakula, nami nitazungumzia kile kinachopatikana kwenu, kwa sababu ushauri wa kula samaki wakubwa, mayai na matunda kila siku ungekuwa kukudhihaki. Bugali ya muhogo ni wanga karibu mtupu. Hushibisha haraka, hupandisha sukari haraka, na humwacha mtu mapema. Ukiliwa peke yake, mlo huo ndio mbaya kuliko yote kwako. Maharage hupandisha sukari polepole na hukaa tumboni muda mrefu, na lenga-lenga (mchicha) huiva kwa makaa machache. Yaloweke maharage tangu mchana, uyamwage maji hayo, na yatapikika kwa moto mdogo zaidi. Sambaza mama wa watoto anazo mkononi kila siku ya soko, na natamani nyumba yenu isiuze zote: zile ndogo zilizovunjikavunjika, ambazo wateja huzikataa, zina protini sawa na zile nzuri. (Samaki hao hawakuwa katika Ziwa Kivu zamani, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio wanaotunza maelfu ya nyumba kandokando ya ziwa.) Ukipata sahani yenye vyote, anza na mboga na maharage, kisha malizia na bugali. Majaribio madogo yameonyesha kwamba utaratibu huo hupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya kula, na haugharimu hata franka moja.

Jambo kubwa zaidi, hata hivyo, ni kuugawa ule mlo mmoja. Kiasi kilekile cha chakula, kikiliwa mara mbili, kinakudhuru kidogo kuliko kikiliwa mara moja. Mama wa watoto aondoe sehemu yako ya maharage jikoni kabla chakula hakijafika kwa watoto, iwekwe mahali pa baridi ikiwa imefunikwa, ichemshwe tena alfajiri, na uile kabla ya kwenda kazini. Naomba pia ubadilishe mahali pa kulia: kwa sasa, kula jikoni pamoja na mke wako, na wajukuu wale na shangazi zao. Sikuombi uwe mgumu wa moyo. Najua kwamba baba anayetazamwa na mtoto mwenye njaa hawezi kumeza, na kwa hiyo nataka tukuondolee jaribu hilo, badala ya kukutaka ulishinde kila jioni. Mtoto mwenye afya anayelala na njaa kidogo anaumia, nami sidharau maumivu yake. Mtu anayemeza glibenklamidi na kulala na njaa anaweza asiamke. Watoto wakubwa waelezwe hivyo waziwazi.

Usingizi sasa. Umeniandikia mambo matatu tofauti kana kwamba ni moja, na nitayatenganisha. Kuamka na jasho tumekwisha kukuzungumzia. Kuamka kukojoa mara tatu au nne, katika siku nyingine, mara nyingi ni ishara ya sukari iliyo juu: ikipita takriban 180, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, sukari inatoka na mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Kwa mwanaume wa umri wako inaweza pia kuwa tezi dume, kwa hiyo mtajie daktari. Ukiandika katika daftari kila usiku jinsi ulivyoamka, kwa jasho au kwa mkojo, na ulikuwa umekula nini jioni, daktari ataona mambo ambayo hakuna kipimo cha asubuhi kingeweza kumwonyesha.

La tatu ni kulala macho ukihesabu, na hilo linakudhuru kuliko unavyodhani. Mwaka 1999 watafiti wa Chicago waliwachukua vijana 11 wenye afya njema na kuwaruhusu kukaa kitandani saa nne tu kwa usiku, kwa usiku sita mfululizo. Hawakuwa na kisukari, na hata hivyo uwezo wa miili yao kuondoa sukari katika damu ulipungua waziwazi katika siku hizo chache. Walipolala vya kutosha, ulirudi. Kwa hiyo hofu ya chakula inakunyima usingizi, ukosefu wa usingizi unapandisha sukari, sukari inakuamsha kukojoa, na muuguzi anaongeza kidonge kinachokushusha usiku unaofuata. Siwezi kukuambia uache kuwa na wasiwasi, kwa sababu una jambo la kweli la kukuhangaisha. Ninachokuomba ni kuuhamisha muda wa hesabu. Keti na mke wako saa kumi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linaonekana, mwandike katika daftari unga uliobaki, deni lililopo na nani ataonwa kesho, kisha mlifunge. Saa tisa ya usiku hakuna mtu unayeweza kumwendea kuomba mkopo. Wazo likija, lijibu kwamba limekwisha kuandikwa. Chai ya majani iishie mchana. Habari za vita kwenye simu zisisomwe kitandani. Ukirudi kazini umechoka, lala nusu saa, lakini isizidi, na iwe kabla ya saa kumi. Ukikaa majuma mawili bila hamu ya jambo lolote, huoni maana ya kuamka, au machozi yanakutoka bila sababu, mwambie daktari hilo pia. Vituo kadhaa mjini kwenu vina watu waliofunzwa kusikiliza waliopita katika vita, na kuwaendea si wendawazimu.

Kuhusu wazee wa kanisa, wajibu kwa heshima ile uliyowapa siku zote, lakini usifunge. Siku tatu bila chakula wala maji, kwa mtu mwenye kisukari anayemeza dawa hizo, zinaweza kumpeleka hospitali au kaburini, na mikesha itakunyang'anya usingizi mdogo uliobaki. Waeleze kwamba daktari amekukataza kufunga. Atakukataza kweli ukimuuliza, na ni vizuri umuulize kabla ya kuonana nao. Waombe wakuombee wao wakiwa wamefunga na wewe ukiwa umekula. Wapo pia wazee wanaoweza kufanya zaidi ya maombi. Kanisa linaloandaa mkesha linaweza kuandaa debe la maharage, na mzee mmoja unayemwamini akiambiwa ukweli huu faraghani anaweza kulisema jambo hilo bila kutaja jina lako.

Kwa wasomaji wengine ambao wanajidunga insulini, nawaomba wasichukue neno langu kuhusu kidonge cha Mwalimu na kulitumia kwenye sindano zao. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini kabisa hata siku asipokula, kwa sababu bila insulini damu hujaa asidi, na mtu huanza kutapika, kupumua kwa nguvu na kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili. Anachobadilisha ni kiasi cha insulini, na ni daktari anayempa kiasi cha siku za njaa. Mwombeni awaandikie, kiwe nyumbani kabla siku hiyo haijafika.

Na kwako, Mwalimu, kuna jambo la kupanga kuhusu siku kipande cha mshahara kitakapofika. Najua wadai watakuwa wamekwisha kusikia. Kabla hujamlipa hata mmoja, nunua maharage makavu ya kutosha majuma mawili, sukari kidogo ya kuweka karibu na kitanda, na metformini ya mwezi, kwa mpangilio huo. Kisha wapeleke wadai kilichobaki, pamoja na neno la kweli kuhusu ugonjwa wako; wengi wao umewafundishia watoto, na sioni sababu ya wao kuwa wa mwisho kujua.